Kabla ya Lipa Namba: Kadi za Salamu na Mastaa Wasio na Sura wa Mbulu na Hanang

Kadi ya salamu haikuwa na uzuri wa kumfanya mtu aitunze. Kipande cha karatasi ngumu, juu jina la redio, chini mistari mitupu ya kujaza: jina la mtumaji, sanduku la posta, watu anaowasalimu, ujumbe, na wimbo anaouomba. Picha ya msanii hakuna. Mtu aliinunua, akaijaza kwa kalamu ya bluu huku akihesabu nafasi zilizobaki (shangazi akikosekana humo ni kesi), akaipeleka posta au akamkabidhi mtu anayeshuka mjini. Halafu akasubiri. Siku kadi ikisomwa ilikuwa ni nusu dakika tu, ila kwa nusu dakika hiyo jina la mtu wa Dongobesh au Endasak lilikuwa hewani nchi nzima.

Kizazi cha bando kikisikia haya kinacheka. Nusu dakika? Kwa stempu? Lakini hapo ndipo walipotokea watu ambao kwa lugha ya sasa wangeitwa mainfluensa: wanasalamu. Hawakuwa waimbaji, hawakuwa watangazaji, hawakulipwa hata senti. Walijulikana kwa sababu walituma kadi nyingi, wakajipa majina ya mbwembwe, na wasikilizaji wakaanza kuyasubiri majina hayo kama wanavyosubiriwa mastaa. Na kuna upande wao ambao hausemwi sana: nyuma ya zile salamu kulikuwa na michango. Hela za pole, safari za kwenda kuona wagonjwa, rambirambi.

Ili uone jambo hili lilivyokuwa la ajabu, inabidi kwanza kwenda mbali kidogo.

Uingereza mambo yalianza kwa sura. BBC ilianza kurusha matangazo mwaka 1922, na watangazaji wa vipindi vya watoto wakajiita "Uncle" na "Aunt", yaani anko na shangazi. Watoto wakaipenda sauti, kisha wakataka kumjua mwenye sauti. Zikachapwa postikadi zenye picha: anko wa redio kavaa suti, kanyoosha nywele, anatabasamu pembeni ya maikrofoni kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Watoto walijiunga na klabu za redio zilizoitwa Radio Circle, na hela iliyokusanywa huko ikasaidia mambo kama vitanda vya watoto hospitalini. Mwaka 1926 BBC ikaanzisha kipindi cha The Week's Good Cause, dakika chache kila wiki za kuombea mchango jambo moja. Siku ya Krismasi 1929 aliyekaa mbele ya maikrofoni alikuwa Winston Churchill, miaka mingi kabla ya uwaziri mkuu, akiwaombea watu wasioona wapate redio. Postikadi za waburudishaji wa enzi zile leo zinanunuliwa na wakusanyaji wa vitu vya kale.

Wadenishi wao waliunganisha salamu na mchango moja kwa moja. Tangu miaka ya 1940 redio yao ya taifa ina kipindi kinachoitwa Giro 413. Hiyo 413 ni namba ya akaunti ya posta. Unataka bibi yako apigiwe wimbo siku ya kuzaliwa? Lipa kidogo kwenye akaunti 413, hela inakwenda kwa wenye shida, salamu yako inasomwa. Kwa kifupi, Lipa Namba ya kwanza hiyo, tena ya posta.

Halafu kuna upande wa giza. Ujerumani ya Hitler nayo ilikuwa na kipindi cha nyimbo za kuombwa, maarufu sana kuanzia vita vya 1939, kikiunganisha familia na askari walio mstari wa mbele. Watu walichangia, majina yao yakasomwa hewani, wimbo ukapigwa. Mchango ukaenda kwenye mifuko ya utawala uleule uliokuwa unaua watu. Utaratibu ni uleule wa Denmark, sauti tamu ileile. Redio haikuuliza hela inakwenda wapi, na wengi waliochanga hawakuuliza pia.

Sasa rudi nyumbani. Huku kadi iligeuza njia. Uingereza kadi ilitoka kwa staa ikaenda kwa msikilizaji, ikiwa imebeba sura. Tanzania kadi ilitoka kwa msikilizaji ikaenda redioni, ikiwa imebeba majina. Huku kwetu staa hakuonekana kabisa. Kituo cha redio cha Dar es Salaam kilianza 1951 kama cha majaribio, mwaka 1956 kikawa Tanganyika Broadcasting Corporation, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa miongo karibu mitatu baada ya hapo, Tanzania Bara redio ilikuwa ni hiyohiyo. Bendi zilirekodi studio za RTD, zikapigwa, zikapendwa. Mtu wa Katesh aliweza kuijua sauti ya Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajabu ndani ya sekunde mbili na asimtambue mwenyewe akipita mbele yake. Pwagu na Pwaguzi walichekesha nchi nzima; wangapi waliwahi kuziona nyuso zao? Kila msikilizaji alijichorea wake kichwani.

Mbulu na Hanang, ambazo wakati huo zilikuwa mkoa wa Arusha (Manyara ilizaliwa 2002), redio ilikuwa mali ya ukoo. Betri za National zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu ya siku mbili zaidi. Waya wa antena unafungwa kwenye mti. Jioni mawimbi yanashika vizuri, majirani wanajaa. Serikali ililijua hilo vizuri: kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchini kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadili mambo ya vyoo, malaria na maji safi. Kwa hiyo kukaa kimya pamoja mbele ya redio kulikuwa tayari ni desturi. Wanasalamu walikuta uwanja umeshafyekwa.

Kulikuwa na tatizo moja la kwao peke yao watu wa huku. RTD ilizungumza Kiswahili. Mbulu inazungumza Kiiraqw, Hanang ina Kiiraqw, Kidatoga, Kinyiramba na vingine. Kiiraqw ni lugha yenye asili ya Kikushi, haina undugu wowote na Kibantu, na ina sauti ambazo ulimi wa Pwani haujawahi kukutana nazo. Mtangazaji aliyekulia Temeke anashika kadi: inatoka Tlawi. Anaosalimiwa ni Tluway, Qamara, Hhayuma na Slaa. Hapo inabidi avute pumzi. Mwingine alipita juu juu, mwingine aligeuza "tl" kuwa kitu kingine kabisa, na kule kijijini watu wanaangua kicheko na bado wanajua ni nani katajwa. Wazee waliozoea slufay, ile baraka ndefu ya Kiiraqw ambayo mzee mmoja anaisema na wengine wanaitikia, walikuwa wanasikiliza majina ya wajukuu wao yakivunjwavunjwa na mtu wa Dar. Lakini yalikuwa yanatajwa! Lugha yao haikupewa nafasi hewani. Majina yao yalipenya kwa kadi.

Hapo ndipo jina la kisalamu lilipopata kazi. "Mzee wa" hivi, "Mtoto wa" vile, "Bingwa wa" mahali fulani: ni rahisi kusomeka, linakaa kichwani, na linamsaidia mtu kuvuka ukabila na ugumu wa matamshi kwa mpigo mmoja. Mwalimu wa shule ya msingi Nangwa au mwendesha duka wa Basotu akijiita jina hilo kila wiki, baada ya mwaka mmoja ana mashabiki Songea. Hawajui kama ni mrefu au mfupi. Hawajui hata ni kabila gani. Ukweli ni kwamba wanasalamu wengi walijuana kwa jina la redioni tu, na majina yao halisi yakabaki kwenye daftari la kanisa na kadi ya kliniki.

Salamu zenyewe zilikuwa na madaraja. Zipo za mbwembwe, za kumrushia mchumba ujumbe wa mafumbo. Zipo za kazi: "waambie nimefika salama." Na zipo zilizokuwa na uzito kuliko zote, za wagonjwa. RTD ilikuwa na kipindi kilichoitwa Ugua Pole. Jina lenyewe linatosha.

Kwa Mbulu, Ugua Pole haikuwa burudani. Hospitali ya Haydom, ya Kilutheri, ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway ikiwa na vitanda 50, ikakua hadi kuzidi 400. Wagonjwa wanatoka Mbulu yenyewe, Hanang, Singida na kwingine. Mvua zikinyesha barabara ya kutoka Mbulu kwenda Haydom inageuka uji, na mtu aliyelazwa anaweza kukaa wiki nyingi bila kuona ndugu zaidi ya yule aliyekuja kumpikia. Simu hakuna. Barua inazunguka na basi. Sasa mfikirie mgonjwa huyo, redio ya wodini inawashwa, anasikia jina lake. Anajua nyumbani wanamkumbuka. Anajua pia, na hili ni muhimu, kwamba wodi nzima imesikia kwamba ana watu.

Inafaa kuongeza hapa kwamba Haydom yenyewe ilisimama kwa michango ya mbali. Marafiki wa hospitali huko Norway walichanga kwa miongo mingi, na kama ilivyokuwa desturi ya misheni za karne ile, picha zilisafiri kwenda Ulaya kuonyesha kazi inayofanyika. Picha za namna hiyo mara nyingi zilikuwa na uso wa mtu na maelezo kama "mgonjwa" au "mama na mtoto", bila jina. Kwa hiyo watu wa eneo hilohilo walisafiri kwa karatasi za aina mbili. Kwenda Norway walisafiri uso bila jina. Kwenda Dar walisafiri jina bila uso. Kadi ya salamu, ambayo mtu aliijaza mwenyewe kwa mkono wake, inastahili heshima zaidi kuliko inayopewa.

Na hela je? Hapa lazima ukweli usemwe. Tofauti na Giro 413 ya Denmark, hela ya kadi ya salamu haikwenda kwa mgonjwa. Ulinunua kadi, redio ikapata mapato yake, posta ikapata stempu yake. Mgonjwa alipata wimbo. Kama ungeishia hapo ungesema wanasalamu walikuwa wateja wazuri wa redio, basi.

Lakini hawakuishia hapo. Watu walioanza kusalimiana hewani waliishia kutafutana. Wakaandikiana barua, wakatembeleana, wakaunda vyama vya wanasalamu, jambo lililotokea Tanzania na Kenya pia. Huko Kenya klabu za salamu zilikuwa na nguvu kweli, na wagonjwa nao walikuwa na salamu zao kwenye redio ya taifa. Wanachama walichanga. Mwenzao akilazwa wanakwenda na sabuni, sukari na bahasha. Akifiwa wanafika. Wengine wakaenda mbele zaidi, wakatembelea wodi na vituo vya yatima kama kikundi. Mtu asiyewahi kukuona anafika msibani kwako, anajitambulisha kwa jina la redio, na waombolezaji wanageuka: "Kumbe ndiye huyu?"

Watu wa Mbulu na Hanang hilo halikuwashangaza. Wairaqw na Wadatoga wana desturi ndefu ya kuazimana ng'ombe: ng'ombe wako anakaa kwa mwenzako, maziwa anakunywa yeye, na undugu unashikamana kwa kwato. Kulima na kujenga kwa kuitana kulikuwepo kabla ya posta. Kilichokuja na redio ni upana. Zamani uliyemsaidia ulikuwa unamjua ukoo wake. Sasa unamsaidia mtu wa Tabora kwa sababu aliwahi kukutaja nafasi ya tatu kwenye kadi yake.

Pembeni ya salamu kulikuwa na ndugu yake mwenye huzuni: matangazo ya vifo. "Habari ziwafikie..." Sauti hiyo ikisikika, vijiko vinawekwa chini. Tangazo lililipiwa, lilitaja aliyefariki, anayetangaza, mahali na siku ya maziko, kisha orodha ya ndugu na sehemu walipo. Msiba wa Balangdalalu ulijulikana Mwanza na Tanga kabla jua halijazama. Na kila aliyesikia jina lake alijua wajibu wake: nauli, mchele, rambirambi. Hakukuwa na mtu wa kusema hakuiona meseji.

Miaka ya 1990 mlango ulifunguka. Sheria ya utangazaji ya 1993 iliruhusu redio binafsi, Radio One ikaingia hewani 1994, Radio Free Africa ya Mwanza ikafuata, na kadi za salamu zikapata maisha mapya. Ndiyo miaka ambayo kadi ilikuwa bidhaa ya dukani kama kiberiti. Redio za nje nazo ziliwajua hawa watu: idhaa ya Kiswahili ya Radio China Kimataifa, iliyoanza kama Radio Peking mwaka 1961, ilikuwa na kipindi cha salamu na iliwapa wasikilizaji kadi za kujaza. Jina la mtu wa Hanang likatoka Beijing likarudi Hanang. Aliyetagiwa na akaunti yenye tiki ya bluu leo hajafika hapo bado.

Kilichoiua kadi ni kitu kidogo mfukoni. Meseji inafika studio kabla wimbo haujaisha, hakuna haja ya stempu. M-Pesa ikaanza Tanzania mwaka 2008, na mchango ukawa haungoji mtu wa kusafiri. Ni maendeleo, hakuna ubishi. Ila meseji haina nafasi sita za kujaza. Kadi ilikulazimisha umalize orodha, ufikirie nani hujamtaja muda mrefu. Meseji inamaliza na "na wengine wote wanaonifahamu".

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imenyonya maji ya mvua kubwa ilimeguka. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na mji wa Katesh umekaa miguuni pake. Tope, mawe na magogo vilishuka Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, vikafukia nyumba na soko. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari akarudi. Shule ziligeuka kambi. Michango ikaanza kumiminika: unga, magodoro, nguo, saruji, hela kwa simu. Baadaye zaidi ya nyumba 100 zilijengwa eneo la Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi.

Siku zile mitandaoni zilipita video nyingi za tope. Tope lilipata watazamaji wengi kuliko majina. Mtu wa mjini aliona gari limepinduka juu ya ukuta, akaweka emoji ya machozi, akatuma elfu tano. Hiyo elfu tano ilikuwa na maana, asitokee wa kuibeza. Lakini mtu aliyekua na redio angetaka kusikia kile kitu cha zamani: nani, wa wapi, mtoto wa nani, anazikwa lini. Kwa wenyeji wa Hanang orodha hiyo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Video ilikuwa ni mandhari tu.

Wanasalamu hawajaisha. Wapo wanaotuma meseji alfajiri, wapo wanaorekodi sauti na kuituma WhatsApp, na majina ya mbwembwe ni yaleyale. Vyama vingine vimehamia kwenye magrupu. Akiugua mwenzao, admini anaweka orodha, kila mmoja anaikopi, anaongeza jina lake na kiasi, anairudisha. Namba moja, namba mbili, namba tatu, kila mtu mstari wake, sawasawa na mistari ya ile kadi. Kwenye orodha hizo majina ya serikali huyaoni. Unaona Mzee wa hivi, elfu kumi. Mama wa vile, elfu tano. Na huko chini, baada ya wote, kuna aliyeandika "msikilizaji" tu, elfu mbili, hela imeshaingia.